Barua kwa vijana wa Kilombero mnaouza mpunga ili mnunue pikipiki

Wanangu,

Mavuno yamekwisha, magunia yanashuka Kibaoni kutwa nzima, na kama kawaida ya msimu huu mmeanza kupita gereji wawili wawili mkiuliza swali lile lile: "Mzee, nichukue ya dukani au ya mkononi?" Nawajibu kwa barua ili asome na yule ambaye hatafika kwangu. Na nawaambia mapema kwamba naandika nikiwa na hasira.

Juzi alikuja mama mmoja, amebeba mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, kopi ya kadi ya usajili wa pikipiki. Mwanawe aliuza mpunga wa msimu mzima, wake na wa mama yake, akanunua Boxer ya mkononi kwa bei iliyomfurahisha. Muuzaji alimwambia kadi halisi iko kwa shemeji yake Morogoro, angeileta wiki inayofuata. Haukupita mwezi, wakaja watu na askari. Kumbe pikipiki ilikuwa dhamana ya mkopo, na kadi halisi ilikuwa imelala kwa mkopeshaji muda wote huo. Simu ya muuzaji haipatikani. Pikipiki iko uani kituoni inapigwa jua. Mama aliniuliza kama naweza kwenda kuongea nao. Nikaongee nini? Kijana aliyelipa pesa yote hana hata karatasi moja yenye jina lake.

Kwa hiyo kabla ya upya na ukuukuu, kuna kadi. Kopi si kadi. Picha ya kadi kwenye simu si kadi. "Ipo kwa mjomba" si kadi. Muuzaji asiposhika kadi halisi mkononi, ondokeni, hata kama pikipiki ni nzuri kiasi gani na hata kama kuna mteja mwingine amesimama pembeni na pesa zake. Huyo mteja mwingine mara nyingi ni mwenzake.

Akiwa nayo, isomeni. Jina lililoandikwa ndilo la huyu anayeuza? Mwombe kitambulisho mlinganishe. Kisha pigeni magoti. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia, nayo ina herufi na tarakimu 17. Futeni vumbi kwa kitambaa chenye petroli, someni moja moja, mmoja akiwa ameshika kadi. Pitisheni kidole juu yake. Chuma kilichosagwa na kugongwa upya huwa kimebonyea, na namba zake hazikai kwenye mstari. Mkikuta sehemu hiyo peke yake imepakwa rangi mpya wakati fremu nzima imechakaa, msiulize maswali, nendeni nyumbani. Fanyeni hivyo hivyo kwa namba ya injini. Halafu ingizeni namba ya usajili kwenye mfumo wa mtandaoni wa polisi wa trafiki muone kama kuna faini zinazodaiwa, maana faini humfuata aliye na pikipiki.

Mkiridhika, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na muuzaji aende nanyi TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki, kila mmoja na TIN yake, ile namba ya mlipakodi. Mnaniambia gharama. Mnaniambia "ni mtu wa kijijini, tunamfahamu." Yule kijana naye alimfahamu muuzaji wake, walikuwa wakicheza mpira pamoja! Sitaki tena kusikia neno hilo gerejini kwangu.

Sasa swali lenu. Mwenye pesa taslimu ya kutosha anunue mpya, na anunue ya kawaida: Boxer, TVS, ile ambayo spea zake zipo Ifakara na zipo Mlimba, na kila fundi wa njiani ameshaifungua. Na za Kichina je? Injini zake nyingi zimetokana na Honda CG125, iliyotoka miaka ya 1970, ndiyo maana hata fundi wa kijijini anazijua. Msinunue umbo la kushangaza ambalo kioo cha taa yake kitaagizwa Dar es Salaam. Na mpya inataka adabu. Kilomita 500 za mwanzo pistoni na ringi zinakaa sawa kwenye silinda, kwa hiyo msiivute kwa nguvu na msiipakie magunia. Baada ya hapo mwageni oili ya kwanza hata kama inaonekana safi. Naletewa pikipiki za miezi mitatu zinazokula oili kwa sababu siku ya pili tu zilibeba mpunga kutoka shambani.

Mpya ya mkataba ni jambo jingine. Tajiri anakukabidhi, unampelekea hesabu, yaani pesa ya kila siku, ikiisha inakuwa yako. Pigeni hesabu kwanza. Shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 60,000. Miezi 15 ni kama wiki 65, yaani 3,900,000, na oili, tairi na cheni ni juu yako. Ulizeni dukani bei ya taslimu siku hiyo hiyo, muitoe kwenye hiyo jumla, muone mnamlipa tajiri kiasi gani kwa kumsubirisha. Ulizeni pia: ukiugua wiki mbili inakuwaje? Ikiibiwa? Kama majibu hayamo kwenye karatasi, hayapo. Nimeona vijana wamenyang'anywa pikipiki wakiwa wamebakiza mwezi mmoja.

Ya mkononi siikatai. Kwa kijana anayejifunza, atakayeiangusha mara mbili tatu, inaweza kuwa na busara kuliko mpya. Ila jueni imetoka wapi. Ya mwalimu aliyekuwa akienda nayo shuleni na kurudi si sawa na ya kijiweni iliyokesha barabarani. Msiamini mita, waya wake hukatwa kwa dakika moja. Tazameni mpira wa kiki na wa pedeli ya gia: mita ikisema kilomita 9,000 na mpira umelika mpaka chuma kinaonekana, mnadanganywa. Wekeni kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hamjafika, na ana sababu. Ngojeni ipoe, muipige kiki wenyewe. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua, na hapo mnaongelea kufungua injini. Simameni nyuma muone kama magurudumu yanafuatana. Chungulieni chini ya kiti, pale shokapu za nyuma zinaposhikilia fremu. Kwetu huku kila pikipiki imebeba magunia, na pale ndipo nyufa huanzia na kuchomelewa.

Mengine mnayajua: leseni, bima, elmeti yenye mkanda unaofungwa, ya pili ya abiria.

Wazazi nao nina neno nao. Mnamnunulia mtoto pikipiki Jumatatu, Jumanne yuko njia ya Mahenge na abiria wawili, hajakaa darasa la udereva hata siku moja. Kisha tunachangishana matibabu. Na viongozi wetu, mnawapigia makofi vijana waliojiajiri, lakini ni nani kati yenu amewaeleza kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu? Vijana wanakimbilia mikopo ya riba kwa sababu ofisi ya mkopeshaji iko sokoni na mlango wake uko wazi, wakati habari za mikopo yenu zinabandikwa kwenye ubao ambao hakuna anayepita mbele yake. Jisajilini kikundi, wanangu, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize wenyewe.

Nawapenda, ndiyo maana nawafokea. Jasho la mpunga nalijua, nimeinama kwenye majaruba hayo hayo kabla sijashika spana. Gereji nafungua kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Ukipata pikipiki ya mkononi, njoo nayo pamoja na mwenye kuuza na kadi yake, nitaikagua na sitakudai kitu. Pesa iache nyumbani siku hiyo.