Albamu ya Charlie Haden si kelele

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie albamu ya Liberation Music Orchestra, iliyorekodiwa New York mwaka 1969 chini ya Charlie Haden, mpigaji besi na mtunzi wa Marekani. Kila inapotajwa jazi huria, yaani jazi isiyofungwa na kanuni za kawaida za mdundo na ulinganifu wa sauti, wapo wanaoitupilia mbali kwa neno moja, kelele, nami naamini hawajaupa muda wimbo wake uitwao Circus '68 '69.

Agosti 1968 Chama cha Democratic cha Marekani kilikutana Chicago kumteua mgombea urais. Wajumbe waliopinga vita vya Vietnam waliposhindwa kwa kura, walianza kuimba We Shall Overcome, wimbo wa wapigania haki za raia wa Marekani, na bendi ya ukumbini ikapiga nyimbo za shangwe kuwafunika. Haden, aliyekuwa akitazama mkutano huo kwenye televisheni, aliigawa okestra yake pande mbili ili kuurudisha mvutano ule: vyombo vinaingiliana, vinazibana pumzi, kila upande ukitaka mwingine usisikike. Anayelalamika kwamba hasikii wimbo mmoja amesikia sawasawa, kwa sababu hata ukumbini haukusikika mmoja. Kisha unafuata We Shall Overcome wenyewe, tromboni ya Roswell Rudd ikiwa mbele, nao hauzidi dakika mbili. Mimi kila nikifika hapo husimamisha shughuli niliyonayo.

Katika Song for Che, wimbo wa kumkumbuka mwanamapinduzi Che Guevara, Haden anaanza na besi peke yake. Hana haraka wala hajionyeshi. Anazivuta nyuzi nene moja moja, na ukisikiliza kwa makini utausikia mti wenyewe wa chombo ukitetema. Novemba 1971, akiwa na kundi la mpigaji saksafoni Ornette Coleman huko Cascais, Ureno, aliutoa wimbo huo jukwaani kwa wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, nchi ambazo Ureno ilikuwa bado inazitawala. Siku ya pili alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Lisbon na kuhojiwa na polisi wa siri kabla ya kuachiwa. Nayataja haya kwa kuwa huyu hakuwa mtu wa kuchezea sauti tu; alichokipiga alikuwa tayari kukitamka, na kukijibia.

Jambo jingine linaniuma. Sehemu kubwa ya mpangilio wa ala katika albamu hii ni kazi ya Carla Bley, mpigaji piano na mtunzi wa Marekani, zikiwemo zile nyimbo za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania zilizounganishwa zikapita dakika ishirini, lakini jina lake hutajwa kwa nadra, na pengine halitajwi kabisa.

Ombi langu kwa waandishi wa kurasa zako za burudani ni kwamba, watakapoiandikia jazi ya aina hii, wamweleze msomaji kwanza ni tukio gani lililokuwa likisimuliwa na vyombo vile, na Bley wampe nafasi yake pembeni mwa Haden.

Msomaji wako wa siku nyingi