Funguo za kusaini programu: someni kabla ya Jumamosi

Assalam aleikum ndugu zangu. Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana palepale Ngamiani, na safari hii tunasaini programu zetu za simu.

Nawasihi sana kuhusu ufunguo, yaani faili la siri la kusainia, linalothibitisha kuwa programu ni yako. Android haisakinishi programu isiyosainiwa, na toleo jipya lazima lisainiwe kwa ufunguo uleule wa toleo la kwanza. Masika ya mwaka jana laptopu yangu iliingia maji, faili la ufunguo likapotea nayo. Wateja niliowawekea programu mwenyewe moja kwa moja kwenye simu ikabidi waifute na kuanza upya, kumbukumbu zao za mauzo zikaenda. Iliniuma mno. Basi kila mtu aje na flashi mbili za kuwekea nakala za ufunguo, moja ikae nyumbani. Nywila ya ufunguo andikeni daftarini, msiitume humu kundini kabisa.

Cheti cha Android, yaani kitambulisho cha kidijitali kinachoambatana na ufunguo, tunajitengenezea wenyewe, bure. Kipeni miaka 25 au zaidi. Google Play inataka kiwe hai hata baada ya tarehe 22 Oktoba 2033. Wa iPhone tutawapangia siku yao, kwani huko cheti hutolewa na Apple.

Wa Chumbageni, tafadhali njooni na ekstensheni ya umeme. Soketi pale ni mbili tu.