Tufani juu ya Bahi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa kwaya. Mwaka wa 22 huu nafundisha kwaya ya kanisa hapa Dodoma kwa nota za sol-fa, zile za do-re-mi. Muziki wa klasiki nilikuwa nauheshimu kama mtu anavyomheshimu mkwe: kwa mbali.

Desemba iliyopita nilipanda basi la Singida. Konda alifungulia video hadi vioo vikatetemeka, nami kwa kujihami nikavaa hedifoni za mjukuu na kuweka Simfoni ya Sita ya Beethoven, ile ya mashambani, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna, Austria, mwaka 1808. Sebuleni kwangu huwa inanilaza.

Tukaipita Bahi, majaruba ya mpunga yamepasuka kwa ukavu. Karibu na Kintinku, masikioni kijito kilitiririka, kisha filimbi, obo na klarineti zikaiga ndege. Wa obo ni kware. Basi likaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Nikageuka nyuma: wingu jeusi limeinamia tambarare yote, mvua inaning'inia kama pazia. Hapo hapo zikalia ngoma za timpani.

Ngoma hizo, katika sehemu tatu za kwanza za simfoni, haziguswi hata mara moja. Mpigaji amekaa tu, anangoja tufani ya sehemu ya nne. Zamani niliona mtunzi kamwonea mtu wa watu. Lakini aliyeishi Dodoma, akatazama mbingu tangu Mei hadi Novemba bila tone, anaujua ukimya ule. Nililia, na jirani yangu akanipa maji akidhani nina msiba.

Sijafika Austria, wala sidhani ni lazima. Beethoven mwenyewe alitembea sana kwa miguu mashambani nje ya Vienna. Sisi tukienda mashindano ya kwaya tunasafiri usiku kuokoa posho, mapazia yamefungwa, tukifika tunaimba nyimbo za Handel kwa macho mekundu. Walimu wenzangu, tusafiri mchana.

Jumapili iliyofuata niliwasimulia wanakwaya habari za yule mpiga timpani. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye kwao Mvumi hupiga ngoma za muheme, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na posho alipewa sawa na wenzake?"

Mwalimu wa kwaya,
Dodoma