Barua kwa Mwanangu: Hesabu Vyako Kwanza

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako tumezipata, na picha ulizopiga za orodha ya rauta nimezitazama jana usiku mpaka mama yako akaniuliza kama kuna msiba. Hapa Mwanga hatujambo. Mvua imepungua na dagaa wameanza kuanikwa tena kule Kibirizi. Tumefurahi kusikia nyumba ya Cheyo hapo Tabora imekaa vizuri na mjukuu wetu ameizoea shule.

Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia, maana jambo lenyewe linataka kusomwa taratibu ukiwa umekaa na rauta yako. Unasema bando la mwezi linakata kabla ya tarehe ishirini. Umefungua orodha ukakuta vifaa kumi na kimoja, wewe unavitambua vitano tu, na umeshaamua kwamba kijana uliyempangisha chumba cha uani ndiye anayekuibia. Unataka kumwambia ahame. Mama, nakuomba usimwambie neno bado.

Nakuomba hivyo kwa sababu nimeona jambo hili likimuumiza mtu. Kuna nyumba moja huku Gungu niliitwa kutengeneza kompyuta. Nikakuta wamemrudisha binti wa kazi kwao Kasulu kwa kuwa rauta ilionyesha kifaa cha Hon Hai, jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia pale, wakaamini binti ana simu ya siri. Nilichomoa waya wa runinga ya sebuleni, mstari ule ukapotea. Nikauchomeka, ukarudi. Hon Hai ni kampuni ya Taiwan inayoviunda vifaa vya kampuni nyingine nyingi, na sehemu ya waifai iliyomo ndani ya runinga ile ilikuwa yao. Lakini binti alikuwa ameshaondoka, ameondoka na jina la mwizi. Sitaki jina kama hilo litoke kwako limwendee mtoto wa watu anayesoma chuo.

Sasa tazama picha yako pamoja nami. Kila kifaa cha waifai kina anwani inayoitwa MAC, herufi na tarakimu kumi na mbili zilizopangwa mbilimbili. Jozi tatu za mwanzo kampuni hupewa na taasisi ya wahandisi ya IEEE, ndiyo maana ile programu ya Fing uliyopakua inaweza kukuandikia jina la mtengenezaji. Tatizo ni kwamba jina hilo mara nyingi ni la aliyetengeneza chipu, wala si lile lililobandikwa mbele ya kifaa. Mistari miwili umeizungushia rangi nyekundu, imeandikwa Espressif, ukauliza hao ni akina nani. Espressif ni kampuni ya Shanghai inayotengeneza chipu ndogo za bei nafuu, nazo zimejaa ndani ya balbu na soketi zinazowashwa kwa simu. Baba Zawadi alifunga balbu ya namna hiyo barazani, na soketi nyingine kwenye pampu ya maji. Nadhani mistari yako miwili ni hiyo, na utathibitisha mwenyewe kwa njia nitakayokueleza.

Iliyokutisha zaidi ni ile mitatu ambayo Fing imeshindwa kuipa jina. Hapa nataka uelewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea siku hizi. Kuanzia Android 10 iliyotoka mwaka 2019, na iPhone zenye iOS 14 ya mwaka 2020, simu ikijiunga na waifai kwa kawaida haitoi anwani yake ya kiwandani. Inatunga nyingine, ili wenye mitandao ya hotelini na madukani wasipate njia ya kumfuatilia mtu kila anapopita. Ni ulinzi mzuri na usiuzime. Ila kwa kuwa anwani ni ya kutunga, haina kampuni nyuma yake, na Fing haiwezi kukuambia kitu.

Ina alama yake lakini. Tazama herufi au tarakimu ya pili tangu mwanzo wa anwani. Ikiwa ni 2, 6, A au E, basi imetungwa. Kwenye picha yako kuna unaoanza na DA, wa pili unaanza na 6E, wa tatu 32. Yote mitatu imetungwa, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa ni simu, au tableti, au kompyuta mpakato mpya. Nyumba yako ina simu ngapi? Yako, ya Baba Zawadi, na ile ya zamani anayochezea Zawadi. Chukua kila moja, ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wenu, nayo itakuonyesha anwani inayotumia hapo. Linganisha na orodha herufi kwa herufi. Usikisie kitu unachoweza kukisoma.

Kuna na hili. Rauta humpa kila anayeingia anwani nyingine, ya IP, ya kutumia humo mtandaoni kwa muda, mara nyingi saa 24, na rauta nyingi huendelea kumwonyesha mpaka muda huo uishe hata kama mwenyewe ameshaondoka. Usiku wa kuamkia siku uliyopiga picha, kaka yako alilala kwako akisubiri treni ya Mwanza. Sijui kwa nini umemsahau kwenye hesabu yako. Amekuja na simu na kompyuta, na wewe ndiye uliyempa nenosiri.

Kazi yenyewe ifanye jioni watu wote wakiwepo, na daftari mkononi. Rauta yako ina betri ndani, na hiyo ni nafuu kubwa. Zima swichi kuu iliyo karibu na mita ya Luku, subiri kama dakika kumi, kisha fungua orodha ya vifaa vilivyo hewani. Vilivyopotea vinakula umeme wa ukutani: runinga, balbu, soketi, king'amuzi kama kimeunganishwa. Vilivyobaki vina betri. Kwa swichi moja umeigawa orodha mafungu mawili, na kila fungu sasa linashughulikika. Rudisha umeme, halafu chomoa kimoja kimoja na kuandika ni mstari gani umeondoka. Nimesema chomoa. Runinga ukiizima kwa rimoti, nyingi hubaki zimejiunga na mtandao. Simu nazo zima waifai moja baada ya nyingine. Kila mstari ukishapata mwenyewe, rauta nyingi zinakuruhusu kuubadilisha jina, andika "balbu barazani", "simu ya Baba Zawadi", ili siku nyingine usianze upya.

Kikibaki kimoja kisicho na mwenyewe, kizuie kwenye ukurasa wa rauta na unyamaze. Mara nyingi atatokea mtu wa humo humo ndani analalamika kwamba intaneti imekata. Asipotokea, angalia kilikuwa kinaingia saa ngapi. Kama rauta inaonyesha matumizi ya kila kifaa, angalia kimekula kiasi gani, kwa sababu kifaa kilichotumia MB chache kwa wiki nzima si kinachomaliza bando lako.

Na ikitokea kweli ni simu ya yule kijana, bado kuna swali moja kabla ya kumkabili: nani alimpa? Simu za Android 10 na kuendelea zinaweza kuonyesha msimbo wa QR wa waifai, mwenzio akauelekezea kamera na kuingia bila kuandika herufi hata moja. Muulize mumeo, na Zawadi pia muulize kwa upole, watoto wanalijua hilo kuliko sisi. Huwezi kumwita mwizi mtu aliyekaribishwa na mwenye nyumba mwenzako. Hapo mtakachozungumza ni kuchangia bando, na hilo linazungumzika.

Bando lenyewe, mwanangu, mimi namtilia shaka mtu mwingine kabisa: simu zenu wenyewe. Simu ikiwa kwenye waifai hudhani intaneti ni ya bure. Hapo ndipo inaposasisha programu zote, kupandisha picha na video za Zawadi kwenye hifadhi ya mtandaoni, kupakua toleo jipya la mfumo. Na runinga ikicheza video ya ubora wa HD inaweza kula karibu GB 3 kwa saa moja. Piga hesabu ya filamu za Jumamosi na Jumapili peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya waifai ya kila simu, uitie mtandao wenu kwenye fungu la mitandao yenye kikomo cha data, na runinga uishushe ubora wa picha. Fanya hivyo hata kabla ya kumaliza uchunguzi, uone tarehe ishirini itafika vipi mwezi huu.

Matokeo yoyote yawe, badilisha nenosiri. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kumtoa usiyemjua, maana vifaa vyote vitatoka kwa mpigo na wewe utarudisha unachokitaka, kimoja kimoja. Weka refu, maneno manne matano yasiyohusiana, siyo jina la mtoto na mwaka wake. Chagua ulinzi wa WPA3 kama rauta inao, au WPA2 kama haina. Usitegemee ile orodha ya kuruhusu anwani za MAC fulani tu, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya anaweza kuiga anwani ya kifaa chako.

Zima pia WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa na waifai kwa kitufe au namba bila kuandika nenosiri. Ile namba yake ya tarakimu nane ilionekana mwaka 2011 kuwa inakaguliwa nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo mvamizi ana majaribio 11,000 tu ya kufanya badala ya mamilioni. Kompyuta hufanya hayo kwa saa chache.

Nenosiri la kuingilia ukurasa wa rauta nalo ulibadilishe, naona kwenye picha bado ni admin. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilivamia kamera na rauta nyingi duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani ya namna hiyo, na mwezi Oktoba vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa zikawa hazifunguki. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Kwa sababu hiyo hiyo, kama rauta yako ina mtandao wa wageni, uwashe. Balbu, soketi na mpangaji wakae huko, simu zenu na kompyuta ya kazi zibaki kwenye mtandao mkuu.

Jambo la mwisho. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo inakuhusu wewe pia. Kukiona kifaa cha mtu kwenye orodha yako na kukizuia ni haki yako. Kujaribu kuingia ndani ya simu yake uone anafanya nini si haki yako, hata kama bando ni lako. Namfahamu rafiki yako aliyekupa wazo hilo. Mwambie baba amekataa.

Mama yako amekufungia dagaa na chupa ya mawese, tutampa dereva wa basi na namba ya gari nitakutumia kwa meseji. Ukimaliza zoezi, piga picha ya daftari unitumie kabla hujamgongea kijana mlango. Kama kuna mstari uliokushinda, uache kama ulivyo, tutauangalia pamoja kwa simu usiku.

Baba yako