Eid Mubarak, wana msitu wa Pugu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na Bwana Yesu asifiwe kwa wenzetu wa upande wa pili.

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha kujitolea msituni Pugu, wazee wangu shikamooni. Naandika huku sikio liko redioni, tunasubiri habari ya mwezi. Ukiandama, kesho ni Eid. Usipoandama tunakamilisha thelathini, na salamu hizi zitakuwa zimewahi tu, hakuna ubaya. Kwa niaba ya viongozi wa kikundi nawatakia Eid njema yenye heri, amani na baraka tele. Mola atutakabalie funga, sala na sadaka zetu, awasamehe wazazi wetu, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima. Mwenye zaka ya fitri bado iko mfukoni aitoe kabla ya swala, jamani, tusikumbushane kila mwaka kama watoto.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimekwenda pamoja, na kikundi kimeona mambo. Siku za kusafisha njia za msituni hapakuwa na wa kubeba chupa ya chai wala wa kuulizia. Kijana mmoja tu (simtaji, anajijua) alikuwa akipotea nyuma ya mti kila baada ya nusu saa na kurudi akifuta makombo ya maandazi mdomoni. Tumemsamehe. Panga lake lilifanya kazi kuliko yetu sote.

Mwaka haukuwa mwepesi. Aliyeingia sokoni wiki hii anajua: mchele, mafuta ya kula, na sukari ambayo kila Ramadhani ikikaribia hupanda bei kana kwamba nayo imeuona mwezi. Nauli ya kufika Kisarawe imewabakiza wenzetu nyumbani, na hatuwalaumu; kujitolea nako kunataka pesa. Vuli nayo ilitunyima. Miche mingi tuliyoipanda ilikauka ikiwa imesimama.

Na mzee wetu wa njia hatunaye. Mwezi wa Rajabu ndio uliomchukua. Hitma ya arobaini tumeisoma, mjane wake bado yuko eda, na hii ndiyo Eid ya kwanza ambayo sitapokea simu yake alfajiri akiniuliza kama nimeshawapelekea watu salamu au nimelala.

Wengi mlimjua kwa panga na kofia yake ya viua. Waliotembea naye wanakumbuka alivyokuwa akisimama ghafla njiani, anavua ndala moja, anachimbua ardhi kwa kidole gumba cha mguu. Juu majani yaliyooza, chini yake udongo mweusi tii. “Hapa palikuwa na tanuri,” anasema. Alijua kwa sababu ujana wake aliumalizia humo humo akichoma mkaa: anapanga magogo, anayafukia kwa nyasi na udongo, anaacha tundu dogo la hewa, kisha anakesha siku kadhaa akililinda, maana tanuri likipasuka moto unapata hewa na jasho lote linageuka jivu. Hakulionea haya hilo, wala hakujisifu nalo. Alikuwa akisema hajawahi kuchoma gunia lililokosa mnunuzi.

Masika iliyopita alipanda mti wa mkongo pembeni ya moja ya matanuri hayo. Mbegu aliziokota mwenyewe, zile nyeusi zilizovaa wekundu upande mmoja, akaziotesha uani kwake kwenye pakiti za maziwa. Juzi nilipita. Mche upo, umetoa majani mapya. Nilikaa chini nikalia, mtu mzima mimi, na kanga yangu.

Basi tuje kwenye pilau.

Siku ya Eid moshi utapanda Dar nzima, kuanzia Temeke mpaka Tegeta, na sehemu kubwa ya moshi huo ni wa mkaa. Mwingine umetoka mbali, Kilosa, Handeni, Rufiji. Lakini unatoka huko kwa sababu miti ya karibu ililiwa kwanza, na karibu na jiji hili ni hapa kwetu. Pugu imekuwa hifadhi tangu 1954, leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na bado mkitoka nje ya njia mnakuta visiki vibichi. Tukiwa msituni tunamlaani mchoma mkaa. Jioni tukishuka Gongo la Mboto tunasimama gengeni na kununua sado ya mkaa, na anayetuuzia hatumuulizi kitu.

Najua mtasema gesi. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Jambo jema. Ila tuambizane ukweli: ni mitungi mingapi iko chini ya meza imefunikwa kitambaa tangu ilipoisha, kwa kuwa pesa ya kujaza haijapatikana, wakati mkaa unauzwa hata wa kopo moja? Mama anayepika kwa siku ananunua nishati kwa siku. Mpaka mtu aweze kununua gesi kwa kipimo cha mfuko wake, maneno yatabaki kuwa maneno. Hilo ni la wakubwa. La kwetu ni dogo zaidi. Nyumba tatu za ukoo mmoja, uwanja mmoja, mnapika pilau tatu za nini? Pikeni sufuria moja kubwa. Tumieni jiko banifu. Maharage lowekeni usiku. Chakula kikiiva zimeni mkaa uliobaki, msiuache uteketee peke yake huku watu wanapiga picha za Eid.

Na wanaosema msitu ni mambo ya watu wa Kisarawe, waulizeni wa Jangwani, kule bondeni mwa Msimbazi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi vya Pugu. Mvua ikinyesha juu ya ardhi yenye miti, maji yananyonywa na kushuka polepole. Ikinyesha juu ya ardhi iliyonyolewa, yanateremka yote kwa pamoja, na tope lake. Masika imeshaanza kunguruma. Kuna watu bondeni usiku huu hawawazi nguo za Eid, wanawaza godoro walipandishe juu ya kabati lipi.

Ndugu zangu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, basi kwake ni sadaka. Kwa hiyo yule komba wetu mdogo wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, aliyebakiwa na misitu michache tu ya pwani, anayekurupuka usiku kutafuta wadudu matawini, naye yumo katika hesabu yako. Mwezi mzima tumejizuia na vya halali. Tumeacha maji tukiwa na kiu, tumeacha chakula kikinukia jikoni. Iweje mtu wa namna hiyo ashindwe kurudi na chupa yake tupu mpaka getini? Iweje aliyeziba mdomo wake asiseng'enye ashindwe kuuzuia mkono wake usichonge jina la mchumba kwenye gome la mti? Tumeambiwa tule na tunywe, wala tusifanye israfu. Israfu haiishii kwenye sahani. Muwaambie hayo watoto wakija kuomba sikukuu, wapeni shilingi zao na wapeni na neno. Na msiwaambie tu, waleteni waone.

Sasa ya kikundi. Jumamosi ya pili baada ya Eid tunapanda, mvua ikiwepo. Miche ni mikongo na mivule, iko tayari kitaluni. Njooni na majembe, viatu vya kufunika na maji ya kunywa. Walio kwenye Sita za Shawwal, zile funga sita za baada ya Eid, wasijilazimishe jua, kuna kazi za kivulini: kuhesabu miche, kushika kamba, kuandika majina. Kina mama, ubwabwa utapikwa kwa gesi, nimeshaazima majiko mawili, anayeweza kuchangia kujaza mtungi anitumie. Tukimaliza tunatelemka Bwawa la Minaki tukae, maana msitu huu si wa kufanyia kazi tu. Wanaotaka kuona popo mapangoni wafike mapema.

Wenzetu Wakristo, Pasaka yenu iko njiani, tunawaombea muifikie salama, na sahani zetu mnazijua ziliko. Waliopoteza wapendwa wao mwaka huu, Mola awape subira. Wagonjwa awape shifaa, walio safarini awarejeshe, na mzee wetu ampanulie kaburi lake.

Kullu aam wa antum bikhair. Eid Mubarak.

Katibu wenu