Magofu ya Kunduchi yahifadhiwe pamoja na mibuyu yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niyasemee magofu ya Kunduchi, yaani msikiti na makaburi ya kale yaliyopo huko. Wengi wetu hapa Dar es Salaam tukitaka kuona mambo ya kale hufunga safari hadi Kaole, au huitamani Kilwa Kisiwani, na huku nyumbani tunayo.

Niliwapeleka wajukuu zangu huko hivi karibuni. Yule mdogo aliingiza kiganja kwenye tundu la duara katika nguzo ya kaburi, akauliza, "Babu, hapa palikuwa na nini?" Nikamweleza: bakuli la kauri kutoka China. Katika karne ya 18 wenye uwezo wa mwambao huu walisimamisha nguzo juu ya makaburi ya watu wao, wakapachika mabakuli kwenye chokaa mbichi ili yang'ae. Akauliza tena, "Nani kalitoa?" Nilinyamaza, na mpaka leo swali lile linaniuma.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni ardhi inayoyazunguka. Mawe ya kuta zile ni matumbawe ya pwani hiihii. Hata chokaa iliyoyashikanisha ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni kisha yakazimwa kwa maji. Msikiti ule na makaburi yale yametoka katika mwamba uleule tunaoukanyaga kwenda ufukoni, na mibuyu imesimama katikati yake kama jamaa wa marehemu. Ukikata mibuyu, ukajaza kifusi kwenye mikoko, ukabakiza kuta peke yake ndani ya uzio, mgeni ataona mawe tu. Hataelewa kwa nini watu wale walikaa hapo, wakitazama visiwa na kungoja majahazi. Msasani nako kuna makaburi ya kale, na rasi yote imejaa majumba na hoteli. Tumeshaona mji unavyomeza.

Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na inalinda majengo ya kabla ya 1863. Ya Kunduchi yamo bila ubishi. Ninaloomba ni mipaka ipimwe upya kwa uwazi, mawe ya mpaka yaonekane, na mibuyu ihesabiwe kuwa sehemu ya eneo. Na kibao kikubwa kiwekwe Barabara ya Bagamoyo, maana siku ile tuliuliza njia kwa watu watatu kabla ya kufika.

Babu wa wajukuu wanne,
Tegeta, Dar es Salaam