Mwanangu, hizi ndo "kwa nini" zako

Mwanangu,

Kuanzia muhula ujao we na mdogo wako mtakuwa mnafika nyumbani kabla yangu, na mimi nakujua, we ukiambiwa "usiguse" bila sababu ndo kwanza unagusa uone kitatokea nini. Kwa hiyo sikuandikii amri, nakuandikia sababu zenyewe, ukimaliza kusoma kama una swali uje uniulize, hata likiwa la kijinga.

Naanza na umeme manake hauonekani. Nchi nyingi umeme wa ukutani ni volti 220 mpaka 240 na watu wanazitaja sana hizo volti, ila kinachomuumiza mtu ni mkondo unaopita mwilini, ule unaopimwa kwa amperi. Sasa milliamperi 30 tu (milliamperi ni amperi moja ukiigawa mara elfu) zikipita kifuani zinatosha kukufanya ushindwe kupumua, zikizidi hapo moyo unaanza kudunda ovyo. Ile balbu ya chumbani kwenu ya wati 10 inakula kama milliamperi 40 hivi, yaani umeme wa kuwashia balbu moja unatosha kabisa kuua mtu. Najua utasema si kuna breka inakata, sawa, ila breka ya amperi 16 iliwekwa ili waya usiungue, haikuwekwa kwa ajili yako, hizo milliamperi 30 kwake ni kama hamna kitu, unaweza ukapigwa shoti na yenyewe imetulia tu. Anayekulinda wewe ni kile kifaa chenye kitufe cha herufi T pale kwenye boksi la umeme, kinapima umeme unaokwenda na unaorudi, kikiona kuna kiasi hakijarudi kinajua umepita mahali pengine, pengine mkononi mwa mtu, kinakata hapo hapo. Ndo maana mara kwa mara unaniona nabonyeza hicho kitufe kukijaribu kama bado kinakata, alafu nyumba nzima inazima na nyie mnalalamika katuni zimekatika.

Na mikono yenye maji? Ngozi kavu inaukinza umeme kiasi fulani, ikilowa ukinzani unashuka sana, ndo hivo tu. Kwa hiyo umetoka kuoga hushiki swichi wala plagi, na simu iliyo kwenye chaja haiingii bafuni hata kama ni wimbo mmoja tu unataka kusikiliza.

Hapa sasa soma polepole. Ukimkuta mdogo wako kanasa kwenye umeme, USIMSHIKE. Najua utataka kumvuta, mtu yeyote angetaka, ila umeme unakaza misuli, yeye mwenyewe hawezi kuachia na wewe ukimgusa unapita kwako pia, mnanasa wote wawili. Kimbia meni swichi, shusha yote, alafu piga kelele jirani aje na mnipigie. Meni swichi nimeiwekea kigoda chini, unafika.

Ekstensheni nayo. Mkondo ukiongezeka mara 2 joto kwenye waya linaongezeka mara 4, sio mara 2, na hapo ndo watu wengi wanapokosea, wanaona matundu bado yapo wanachomeka tu. Birika la wati 2000 na pasi ya wati 1500 kwa pamoja ni kama amperi 15, na ekstensheni nyingi zimetengenezwa kwa 10 au 13. Ukiikuta plagi ya moto ukiigusa, au imebadilika rangi, au unasikia harufu kama plastiki inaungua, zima swichi ya ukutani na isitumike tena mpaka nije. Na umeme ukikatika wakati unapiga pasi, chomoa kabla hujaenda kucheza, maana umeme ukirudi mtakuwa mmeshasahau na pasi imelala juu ya nguo.

Simu chini ya mto wakati inachaji hapana, betri inapata joto na mto unalizuia lisitoke. Betri ikivimba usiitoboe, usiichaji, niambie.

Gesi. Ile ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya sakafuni, kwa hiyo unaposimama unaweza usisikie sana. Ukisikia harufu usiwashe taa, na usizime iliyowaka pia, hii watu hawaielewi, swichi inatoa cheche kidogo ikiwashwa na ikizimwa vile vile. Mshike mdogo wako mtoke, mlango uacheni wazi, simu mnipigie mkiwa nje.

Kukaanga kwa mafuta nikiwa sipo hairuhusiwi, hilo halina mjadala, ila ujue tu kwamba mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanachemka papo hapo na kuwa mvuke unaochukua nafasi karibu mara 1,700 ya yale maji, mafuta yanarushwa juu yakiwa yanawaka. Moto wa sufuria unafunikwa na mfuniko, jiko linazimwa, na mfuniko haufunuliwi mpaka ipoe kabisa. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, we kazi yako ni kutoka.

Kutoka kwenyewe: moshi unapanda juu kwanza, hewa ya kuvutika iko chini, mnatambaa. Moshi ndo unaoua wengi kabla moto haujawafikia, una gesi moja haina harufu inamlegeza mtu anapoteza fahamu. Gusa mlango kwa mgongo wa mkono, ukiwa wa moto usiufungue, tafuta njia nyingine. Milango mnayopita mfunge nyuma yenu, inachelewesha moto. Hamna kurudia begi, hamna kurudia tableti, nitanunua nyingine. Nguo ikishika moto usikimbie, lala chini funika uso ubingirike. Ukiungua, maji ya bomba ya baridi yatiririke juu yake dakika 20, sio barafu na sio dawa ya meno.

Mdogo wako usimsomee yote haya, atashindwa kulala. Yeye mwambie asijifiche chini ya kitanda wala kabatini, watoto wadogo wakiogopa wanajificha na wazimamoto wanapata shida kuwaona, basi.

Namba ya zimamoto nimeibandika mlangoni, anwani yetu uikariri, ndo kitu cha kwanza watakuuliza. Na Jumamosi nitapiga kelele "moto" saa nisiyowaambia, nataka niwakute wote wawili nje getini, viatu msitafute.

Mama yako